Ufadhili wa Ufaulu: Ya Kufanya Kabla Matokeo ya Kidato cha Sita Hayajatoka

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, simu yangu haipumziki. Anayepiga huwa ni mhitimu niliyemfundisha Kibondo, au mzazi wa Kasulu aliyepewa namba yangu na jirani, na swali ni lile lile: "Mwalimu, kijana amepata wani. Ili ateuliwe kwenye ufadhili, tumwone nani?"

Nimekuwa mwalimu wa taaluma huku Buha, kwanza Kibondo na sasa Kasulu, na jibu langu ni fupi: hakuna wa kumwona. Kwa ufadhili mkubwa wa ufaulu tulio nao nchini, matokeo ndiyo yanayokuteua. Kinachobaki ni karatasi, na karatasi hazisubiri Julai. Nimeshuhudia aliyeongoza darasa akihangaika na cheti cha kuzaliwa wakati mwenzake aliyemfuata keshapata udahili na fedha. Kwa hiyo nayaandika hapa yale ninayowaambia wanafunzi wangu tangu wanapoingia kidato cha tano.

1. Jua nani anateua

Kundi la kwanza ni Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, serikali ikitenga shilingi bilioni 3 kwa nafasi 640. Walengwa ni Watanzania waliofanya vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita, wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba katika vyuo vinavyotambuliwa hapa nchini. Inalipa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Ni ruzuku, hairejeshwi kama mkopo.

Mkuu wa shule hapeleki jina popote. Wizara ya Elimu huangalia matokeo ya NECTA, hutoa orodha ya wenye sifa, kisha waliomo huomba wenyewe kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo. Kuliona jina lako kwenye orodha si mwisho wa safari. Usipoomba, au ukikosa udahili kwenye kozi inayotakiwa, nafasi inakupita ukiiangalia.

Kundi la pili ni ufadhili wa nchi rafiki kama China, Algeria na Hungary, unaotangazwa na wizara hiyo hiyo. Huku ndiko kwenye uteuzi hasa: unaomba, wizara inachuja, majina yanapelekwa nchi husika. Kwa mfano, mpango wa Hungary uitwao Stipendium Hungaricum hauchukui mtu ambaye hajapendekezwa na taasisi ya nchi yake iliyokubaliwa kwa kazi hiyo.

Kundi la tatu ni vyuo vyenyewe pamoja na wafadhili wao, kama Ashesi ya Ghana inayoshirikiana na Mastercard Foundation. Hapo alama peke yake hazitoshi. Watataka insha yako, na watataka kusikia kutoka kwa walimu wako.

2. Anza na jina lako

Wanafunzi wapya wa kidato cha tano nawaambia waweke mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha mzazi. Kisha tunasoma majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ezekiel, cha kidato cha nne kinasema Ezekieli. Kimoja kina majina matatu, kingine mawili, na jina la babu limegeuka la katikati. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia, paroko naye aliandika alivyozoea. Kijijini kila mtu anajua ni mtoto yule yule, lakini mfumo wa kompyuta unaona watu wawili.

Aliye kidato cha nne bado ana njia rahisi: ahakikishe jina lake limeandikwa sawasawa wakati wa usajili wa mtihani. Aliyekwisha kupita hapo aende kwa wakili au hakimu mapema, aapishwe kuhusu majina yake, na hati hiyo aitunze pamoja na vyeti.

Asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie kwa mtendaji wa kijiji kuchukua barua, kisha aende kwenye huduma ya RITA wilayani. Abebe kila kinachothibitisha kuzaliwa kwake: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi. Sisi tuko mpakani na Burundi, na maswali ya uraia huulizwa. Usikasirike. Nenda na mzazi au mzee wa ukoo mwenye kitambulisho chake, awe tayari kueleza mlikozaliwa na mlikotoka. Ukishapata cheti, kuna hatua ambayo wengi huisahau: kukihakiki RITA kwa njia ya mtandao. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa.

3. Kumbuka JKT

Mtihani huisha Mei, na baada ya muda mfupi vijana huitwa JKT. Wapo wanaopangiwa hapa hapa Mtabila, Kasulu, au Kanembwa, Kakonko. Wapo wanaopelekwa mikoa ya mbali. Wakiwa huko matokeo yanatoka, udahili wa vyuo unafunguliwa, na dirisha la mikopo linaendelea kuhesabu siku. Kambini si mahali pa kuanza kutafuta barua ya mtendaji.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, skani vyeti vyote na uvitume kwenye barua pepe yako mwenyewe. Nakala ngumu ziache nyumbani kwa mtu mmoja anayejulikana, asiyehamahama. Kwenye mifumo ya maombi jisajili kwa namba yako ya simu, si ya rafiki wa bwenini, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha utaingia huko. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iweke kichwani. Mifumo mingi inakutambua kwayo.

4. Mwombe mwalimu barua ukiwa bado shuleni

Nimeandika barua nyingi za kupendekeza wanafunzi, na najua ni zipi hazina kazi. "Ni mwanafunzi mwenye nidhamu, bidii na ushirikiano." Sentensi hiyo inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimsaidii yeyote. Linganisha na hii: "Tulipokosa mwalimu wa fizikia muhula mzima, aliwagawa wenzake makundi, akapanga mada kwa kufuata muhtasari, na kila Jumamosi aliniletea maswali yaliyowashinda." Msomaji wa Accra au Budapest anamwona mtu.

Mwalimu hawezi kukumbuka hayo yote kwa wanafunzi mia. Mpelekee ukurasa mmoja: umefanya nini, lini, na nani aliona. Mpe na muda wa kutosha. Shikamoo ya jioni ikifuatiwa na "mwisho ni kesho saa sita usiku" huzaa barua mbovu.

5. Omba mkopo pia

Nafasi za ufadhili ni chache kwa nchi nzima, na wa michepuo ya sanaa kama HGL na HKL hawamo kwenye Samia Scholarship hata wakiwa na wani safi. Jaza fomu ya mkopo kwa umakini ule ule. Kama kaya yenu iko TASAF, weka taarifa hizo. Kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Sahihi ya kiongozi wa kijiji na ya wakili au hakimu zisikosekane.

Na kuna jambo la kuwaambia wazazi bila kuzunguka: anayetaka fedha ili "aliingize jina" kwenye orodha ni tapeli. Orodha inatokana na matokeo, na hakuna mtu wa Kasulu wala wa Dodoma anayeweza kuwauzia alama.

Wakuu wa shule za Kibondo na Kasulu, nawaomba mtenge siku moja ya muhula wa kwanza wa kidato cha tano, mwite wazazi, mwalike ofisa wa RITA na mtendaji wa kata, na vyeti vyote vikaguliwe siku hiyo. Na wewe mdogo wangu unayesoma hapa ukiwa kidato cha tano, usingoje shule ikuite. Toa cheti chako cha kuzaliwa leo, kisome herufi kwa herufi, na palipo na kosa uanze kulirekebisha wiki hii.