Ngozi Kavu: Mafuta ya Asili Husaidia Wapi, na Wapi Hayasaidii

Mkazi wa Mathare anayefua nguo za watu ili kupata riziki hushinda mikono yake ikiwa ndani ya maji na sabuni ya unga. Sabuni huondoa uchafu, lakini pia huondoa mafuta ambayo ngozi hujitengenezea ili maji yake yasipotee. Ndipo mikono hupauka, huwasha na kupasuka. Baridi ya Juni hadi Agosti huzidisha shida hiyo. Umri pia huchangia, kwa sababu ngozi hutoa mafuta machache kadiri miaka inavyosonga.

Bidhaa za asili zinaweza kusaidia, mradi mtumiaji ajue kazi ya kila moja:

• Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Ichanganywe na maji kidogo kabla ya kupakwa.

• Mafuta ya nazi, na yale ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda, hayaongezi maji bali huyazuia yasitoke. Kwa hivyo yapakwe mara tu baada ya kuoga au kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando ya kawaida, ingawa si ya mimea, hufanya kazi hiyo hiyo.

• Alovera: tumia ute angavu wa ndani pekee. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha.

• Ndimu isipakwe. Ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi.

Kuhusu makunyanzi, hakuna mafuta yanayorudisha ujana. Jua ndilo huzeesha ngozi zaidi, na sigara huongezea. Kofia, leso na kivuli cha adhuhuri ni kinga ya bei nafuu.

Tahadhari: neno "asili" kwenye mkebe si dhamana. Tangu mwaka wa 1998, Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Epuka krimu za kupimiwa zisizo na lebo. Tafuta alama ya KEBS na orodha ya viambato.

Nyufa zinazotoa damu au usaha, na miguu iliyopasuka ya mgonjwa wa kisukari, hazitibiwi kwa mafuta. Mwone mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, au ufike kituo cha afya kilicho karibu mapema.