Wanja wa Manga na Watoto Wetu

Katika darasa letu mama mmoja aliuliza: "Nimeambiwa wanja una sumu. Je, Sunna ya Mtume wetu yaweza kuwa sumu?" Wenye swali hili moyoni ni wengi, basi yatupasa kulijibu.

Jua, ndugu yangu, kwamba kilichosifiwa katika Hadithi walizozipokea Imamu Tirmidhi na Ibn Maja ni ithmid, ya kuwa husafisha macho na kuotesha kope. Ithmid, kwa maelezo ya wengi, ni jiwe la antimoni. Ama wanja wa manga uuzwao leo madukani, mara nyingi hautokani na jiwe hilo, bali na jiwe jingine jeusi limeremetalo, ambalo ni risasi iliyoungana na kibiriti. Mawe haya mawili yakishasagwa hayapambanuki kwa kutazama. Wala maandishi ya Kiarabu juu ya kichupa si ushahidi wa kilichomo ndani. Anayeushika unga wa risasi akasema "hii ni Sunna", amemnasibishia Mtume (S.A.W.) jambo asilolisema, na hilo si dogo.

Risasi hii ndiyo iliyowaletea msiba jirani zetu wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu hata kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu. Sote tulikilaani kiwanda kile, nasi majumbani twaipaka kwa kijiti.

Huingiaje mwilini? Mtoto hujifikicha macho kisha akatia vidole kinywani, na machozi yenyewe yana njia ya kushukia puani na kooni. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hata 5 kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama. Huufikia ubongo ungali wajengeka, ikapunguza fahamu, bila ya homa wala kilio cha kumshitua mzazi. Mtoto akiwa mzito wa kuhifadhi, twamlaumu mwalimu wa chuo! Nyingine hujificha mifupani miaka mingi, na mwanamke achukuapo mimba hutoka ikamfikia aliye tumboni.

Wako wasemao: "Bibi yangu alipaka wanja mpaka uzeeni na macho yake mazima." Nasi hatukusema kwamba wanja hupofusha. Dhara tuisemayo haionekani machoni.

Na lililo zito zaidi ni hili: mtoto mchanga wetu hapakwi kwa ajili ya macho, bali hutiwa doa kipajini ili asipatwe na kijicho. Kijicho ni kweli, kimethubutu katika Hadithi. Lakini kinga tuliyofundishwa ni kumsomea mtoto Kul-audhu mbili, si kumtia doa jeusi. Husemwa ni ada tu. Ada isiyodhuru hatuigombi. Hii yadhuru itikadi na mwili pamoja.

Hatuharimishi wanja wenyewe. Tusemalo ni kwamba madhara huondolewa, kama walivyothibitisha mafakihi, na unga usiojulikana asili yake haufai kutiwa jichoni. Mwenye duka naye, akijua kuwa mali yake ina risasi kisha akanyamaza, hiyo ni ghushi.

Basi mtoto asipakwe kabisa. Aliyekwisha kupakwa kwa muda apelekwe hospitali akapimwe risasi katika damu. Unga uliomwagika ufutwe kwa kitambaa kibichi, usifagiliwe kwa ufagio mkavu ukaruka, na kichupa kisitupwe wachezapo watoto.

Ama piko, ambalo mama mwingine aliliuliza, tutalieleza katika toleo lijalo, inshaallah.