Gari Likipoteza Nguvu: Tuanze na Vitu Vidogo

Pikapu ya zamani, kwa mfano Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ikishindwa kupanda mlima iliouzoea, mara nyingi kamati huambiwa kwamba injini imekwisha. Kabla ya kupitisha fedha za kuifungua, mwombeni fundi afuate hatua hizi, akianza na zenye gharama ndogo.

1. Je, gari linazuiwa? Baada ya safari fupi, gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, huenda breki inashika. Injini ikinguruma zaidi huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza.

2. Moshi ukoje gari likipanda na mzigo? Moshi mweusi huonyesha kuwa dizeli imezidi hewa: kagueni filta ya hewa, kisha nozeli. Nguvu zikipungua bila moshi mweusi, huenda dizeli haifiki ya kutosha: badilisheni filta ya dizeli, kagueni mipira yake na chujio la ndani ya tangi.

3. Hayo yote yakiwa sawa, au moshi ukiwa wa bluu, yaani oili inaungua, fundi apime kompresheni ya kila silinda na kuandika vipimo.

Silinda ikiwa chini ya kiwango cha kitabu cha gari, kuna sababu ya kufungua injini. Vinginevyo, fedha zisitoke bado. Karatasi ya vipimo iwekwe kwenye jalada la gari pamoja na risiti. Mfadhili akiuliza, kamati itakuwa na jibu.