Mwezi Ukipita, Njoo
Kijitabu cha mimba changa kwa familia za Bisil

Katika maboma mengi yanayozunguka Bisil, mimba husemwa ikishaonekana. Mwanamke huiweka moyoni miezi minne, mitano, ndipo aje kliniki. Tunaelewa kwa nini. Njia ni ndefu, mifugo haina wa kuiangalia, na mimba changa huweza kutoka, hivyo nani apende kuitangaza? Lakini sehemu nyeti ya kazi ya kumuumba mtoto huisha kabla tumbo halijatokeza. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, yaani wiki mbili tu baada ya mama kukosa hedhi. Ndiyo maana anayepanga kuzaa huanza kumeza asidi ya foliki kabla ya mimba. Aliyeshtukia tayari ni mjamzito aianze siku ileile.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wajawazito 98 kati ya 100 nchini Kenya walifika kliniki angalau mara moja. Waliofika mara nne au zaidi walikuwa 66. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mara nane, ya kwanza kabla ya wiki 12. Kwa hiyo akina mama kliniki wanaijua. Wanachelewa.

Utakayemkuta

Zahanati nyingi husimamiwa na muuguzi, na hata kwenye kituo cha afya ndiye mwenye kliniki ya wajawazito. Usimwone kama mtu wa kupima uzito tu huku ukimngoja daktari. Ndiye anayepima presha, mkojo na kiwango cha damu, anayepima kaswende na virusi vya Ukimwi, na ndiye anayeamua nani arudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma, nani apande gari leo hii kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado kupigwa picha ya tumbo. Kaswende pekee ingetosha kukuleta mapema: huua mtoto tumboni, na dawa yake ni sindano ya penisilini.

Ndiye pia anayehesabu wiki. Ukija mapema unakumbuka siku ya mwisho ya hedhi. Ukija mwezi wa sita unasema "ilikuwa mvua zikianza", na tarehe ya kujifungua inakuwa ya kubahatisha.

Hulazimiki kumwambia mtu mwingine. Yanayosemwa chumbani kwa muuguzi hubaki humo.

Maziwa, mbuzi na sahani

Hapa tunaomba bibi (koko) na mama mkwe watusikilize, kwa sababu jikoni neno lao ndilo kubwa. Maziwa anayokunywa mjamzito yachemshwe mpaka yafure. Maziwa mabichi na damu mbichi hubeba brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba, na kwa binadamu pia huweza kuharibu mimba. Mbuzi akitupa mimba, mwanamke mwenye mimba asiguse kondo wala kitoto kile; kazi hiyo afanye mwingine, mwenye glavu, au mifuko ya plastiki mikononi kama glavu hazipo.

Kuna desturi ya kumpunguzia mjamzito chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Haikutoka kwenye ujinga. Enkaitoyoni, mkunga wa jadi, aliyeona mama akifa kwa uchungu uliokwama, hospitali ikiwa mwendo wa siku nzima, alikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini njaa humwondolea mama damu, na mama asiye na damu ndiye tunayemwogopea zaidi anapojifungua. Mpeni maharagwe, mboga za majani, mayai na nyama. Odowa, lile jiwe laini la kutafuna, aache, humzuia kunufaika na madini ya chuma.

Dalili zisizongoja asubuhi

Damu kidogo mwanzoni si lazima mimba iwe imeharibika, ila muuguzi aione siku hiyo. Tunayoiogopa zaidi ni mimba iliyotungwa nje ya kizazi, kwenye mrija. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo ambako hakuna anayeiona. Mama huwa na maumivu makali chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, au maumivu begani, kisha kizunguzungu au kuzirai. Msimpe dawa ya mitishamba, msimlaze apumzike. Tafuteni gari. Namba ya simu ya mwenye gari au bodaboda iandikwe kabla, na baba aijue. Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu atasaidia kupiga simu kituoni.

Anayetapika mpaka hawezi kushika hata maji, naye asingoje.

Gharama

Jisajilini katika bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kwa *147#. Ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024.

Mimba ikitoka

Hutokea zaidi ya tunavyosema. Mara nyingi yai na mbegu havikuungana sawasawa tangu mwanzo, na hakuna alichokula mama wala neno alilosema kilichosababisha. Baba, mwambie hivyo kwa mdomo wako. Akiwa na homa, uchafu wenye harufu au damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, arudi kituoni mara moja. Hata asipokuwa na dalili yoyote, muuguzi atamwandikia siku ya kurudi. Siku hiyo asiende peke yake.