Kwa Nini Mtu Mzima Hutafuta Tiba ya Mazungumzo

Ni wachache wafikao zahanati wakisema wanahitaji tiba ya kisaikolojia. Wengi hulalamikia kichwa, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi. Vipimo visipoonyesha ugonjwa, huandikiwa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani na mzigo uleule. Pengine mzigo huo ni wa miaka mingi: ukatili wa utotoni, au msiba usioliliwa. Mtu aliubeba huku akifanya kazi na kulea, hadi jambo jipya lilipomwelemea: talaka, kustaafu, au mtoto wake kufikia umri aliokuwa nao yeye alipoumizwa. Hivyo mhudumu asiishie kuuliza, "Unaumwa nini?" Aulize pia, kwa faragha, "Ni lipi limebadilika maishani mwako karibuni?" kisha asikilize bila kukatiza.

Tiba yenyewe si lazima iwe ndefu. Mpango mmoja wa Shirika la Afya Duniani una vikao 5 vya dakika 90. Ulipojaribiwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa, ulipunguza dhiki yao. Lakini anayetaja kujiua hangoji kikao: afikishwe kwa daktari siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.