Tupime kwa Haki Usemi wa Watoto

Mtoto wa darasa la kwanza huko Ruangwa akisema "chitabu" badala ya "kitabu", je, ulimi wake una kasoro? La, hasha. Katika Nachingwea na Ruangwa watoto wengi hulelewa kwa Kimwera, na wengine kwa Kimakonde au Kiyao. Wamwera wenyewe huiita lugha yao Chimwela. Tazama jina hilo moja: penye "ki" yetu wao husema "chi", na penye "r" husema "l". Basi mtoto huyo hakukosea ovyo; amefuata kanuni ya lugha ya mama yake.

Yatupasa kujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kumhesabu mwenye afya kuwa mgonjwa. Katika jimbo la California, Marekani, watoto 9 wa jamaa zisemazo Kihispania walitiwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili, kwa kuwa walipimwa kwa Kiingereza. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawakustahili kuwekwa huko. Shauri lao, lililofunguliwa mwaka 1970, lilileta mapatano kwamba mtoto apimwe kwa lugha ya nyumbani kwake.

Kosa la pili ni kumwacha mwenye shida bila msaada, tukisema, "Ni ugeni wa Kiswahili tu, atazoea."

Twawezaje kupambanua? Kasoro ya kweli ya lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Ugeni wa Kiswahili huonekana katika Kiswahili peke yake. Kwa hiyo, kwanza, mwalimu amwulize mama: Je, mtoto huyu alichelewa kusema kuliko ndugu zake? Akimsimulia bibi yake habari kwa Kimwera, huelewa bibi? Pili, masikio yake yapimwe hospitalini, maana asiyesikia vema hujifunza kusema kwa taabu. Tatu, alinganishwe na wenzake wa kijijini, wala si na watoto wa Dar es Salaam. Nne, afundishwe maneno mapya, itazamwe jinsi anavyoyashika.

Nanyi wazazi, msione haya kumweleza mwalimu au daktari lugha mnayosema nyumbani. Kulelewa kwa lugha mbili hakuleti kasoro ya usemi. Bali mkiificha lugha ya nyumbani, mpimaji atakosa ushahidi ulio bora kupita wote, na mtoto wenu ndiye atakayelipa.