CHUBWI NA MAHALI PAKE: SOMO LA KUHIFADHI VITU VIZITO KATIKA CHOMBO KIDOGO



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi hulidharau kwa udogo wake, nalo ni namna ya kuhifadhi na kupanga chubwi katika chombo kidogo cha uvuvi. Chubwi ni kile kipande cha risasi, chuma au jiwe kinachofungwa katika mshipi ili chambo kizame hadi walipo samaki. Tutaingiza pia risasi za kamba ya chini ya wavu pamoja na mawe ya dema, kwa kuwa vyote hivyo ni vitu vizito vinavyopakiwa katika chombo kimoja, na hukumu yake ni moja.

Somo hili ni la wavuvi kwanza. Hata hivyo Bwana Diko anayeviona vyombo vikitoka na kuingia, Sheha, mwalimu wa skuli, mhudumu wa kituo cha afya na hata mnunuzi wa samaki aliye mbali na maji, kila mmoja ana sehemu yake, kama itakavyobainika hapa chini. Mambo yaliyomo hatarini ni mawili: uhai wa aliyemo chomboni na afya ya watoto waliobaki nyumbani.

1. Kwa nini mvuvi huhitaji chubwi za aina mbalimbali

Kila kitu kinachozama hupunguziwa uzito na maji, kwa kiasi cha maji kinachoyasukuma. Kilo moja ya risasi ikiwa ndani ya maji ya bahari hubaki na uzito wa takriban gramu 910. Kilo moja ya chuma hubaki na takriban gramu 870, na kilo moja ya jiwe gumu hubaki na takriban gramu 620 tu. Hii ndiyo sababu mwenye madema hulazimika kupakia mawe mengi, ilhali mwenye mshipi hutosheka na kipande kidogo cha risasi. Hesabu hiyo inaonesha pia kwamba chuma hakiko mbali na risasi, jambo ambalo tutalirejea.

Aidha, uzito unaohitajika hubadilika kwa mahali na kwa siku. Mkondo kati ya Unguja na bara si wa kina kirefu, lakini kati ya Pemba na bara kina hufikia mamia ya mita. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huenda kwa kasi na chubwi nyepesi huchukuliwa na mkondo kabla haijafika chini. Wakati wa maji mafu chubwi hiyo hiyo hutosha kabisa, na ile nzito humfanya mvuvi asihisi samaki anapodonoa. Kwa hivyo mvuvi mzuri huwa na chubwi za uzito tofauti, na hapo ndipo tatizo la kuzihifadhi linapoanza.

2. Madhara ya chubwi zilizotupwa ovyo

Tuchukue mfano wa dau lenye chubwi 60 za gramu 250 kila moja. Jumla yake ni kilo 15. Zikiwa ndani ya kasha lisilofungwa, na dau likalala upande kwa upepo au wimbi, kasha huteleza kutoka katikati hadi ubavuni. Ni sawa na mtoto wa miaka mitatu au minne kuhama ghafla kutoka katikati ya chombo na kwenda kukaa upande ule ule unaozama. Uzito haukimbilii upande wa juu kusaidia. Hukimbilia upande wa chini kuongeza balaa. Wimbi la pili hukikuta chombo tayari kimeinama.

Mzigo uliozidi ni hatari kwa chombo cha ukubwa wowote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimejengwa kuchukua watu 101, lakini kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Ikiwa chombo cha chuma kinashindwa na mzigo uliozidi, hori la mbao halina la kujitetea.

Yapo pia madhara yasiyotangazwa redioni. Chubwi zikianguka kati ya mataruma huziba njia ya maji, na maji yakashindwa kufika pale panapofuliwa. Mvuvi hufikiri chombo ni kikavu, kumbe upande wa omo umejaa. Chubwi nzito ikidondoka kwa kishindo juu ya ubao mkuukuu hulegeza kalafati. Chubwi iliyoachwa ikiwa imefungwa pamoja na ndoana humtoboa mguu anayetembea peku gizani, na akiruka kwa maumivu katika chombo chembamba, huenda wote wakawa majini.

3. Mpangilio unaofaa

Wavuvi wanashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

(a) Chukua za safari ya leo tu. Kabla ya kuondoka, fikiria kina cha unakokwenda na hali ya maji, kisha chagua. Akiba ya mwezi mzima haina kazi chomboni.

(b) Zigawe katika mafungu matatu: nyepesi, za kati na nzito. Kila fungu liwe na mfuko wake wa turubai au wa kitambaa kigumu. Mfuko ni bora kuliko kasha, kwa kuwa hautelezi upesi na hautoi kishindo.

(c) Weka alama inayotambulika kwa mkono. Uvuvi mwingi ni wa usiku, na rangi haionekani gizani. Mfuko wa chubwi nyepesi uwe na fundo moja katika kamba yake, wa kati mawili, na wa nzito matatu.

(d) Weka chini na katikati. Mahali pa mifuko ni juu ya mkuku, karibu na katikati ya urefu wa chombo. Usiiweke juu ya kibao cha kukalia, wala omo, wala tezi. Uzito ulio chini hukituliza chombo. Uzito ulio juu hukiyumbisha.

(e) Funga. Kila mfuko ufungwe katika taruma kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Usiufunge mwilini mwako wala katika mguu, hata kwa muda mfupi.

(f) Acha njia ya maji wazi. Hakikisha mifuko haizibi pale unapofulia maji, na kwamba upo au dumu la kufulia linafikiwa bila ya kuhamisha kitu.

(g) Tenga ndoana na chubwi. Mshipi uliokwisha kazi uzungushwe katika kibao chake, ndoana ichomekwe katika kipande cha gome au mpira, na chubwi irudishwe mfukoni.

(h) Chubwi za chuma ziwe mbali na dira. Chuma huvuta sindano na kumpotosha nahodha. Risasi haina athari hiyo.

(i) Hesabu wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Chubwi isiyoonekana ama imekatika baharini, ama imo chini ya mataruma. Ni lazima ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa wenye nyavu, kamba yenye risasi ikunjwe chini na kamba yenye maboya ikunjwe juu, na wavu wote ulale katikati. Kwa wenye madema, mawe yagawanywe sawa pande mbili wakati wa kupakia. Wakati wa kushusha, madema yashushwe kwa zamu, moja la kulia na moja la kushoto. Anayemaliza upande mmoja kwanza hukiacha chombo kikiwa kimeelemea upande uliobaki, na yeye mwenyewe amesimama huko huko.

4. Risasi ni sumu

Sehemu hii tunaomba isomwe na kila mzazi. Wavuvi wengi hujitengenezea chubwi kwa kuyeyusha risasi ya betri chakavu za magari. Risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 za Selsiasi, joto linalopatikana hata katika jiko la mkaa, na kwa sababu hiyo kazi hii hufanywa uani, mara nyengine katika chungu kile kile cha kupikia na watoto wakiwa wamezunguka. Moshi na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa chakula. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichoingia tumboni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayarudishwi kwa dawa. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014, baada ya wakaazi na watoto wao kukutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa shauri hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1987 chubwi ndogo za risasi zimepigwa marufuku, kwa kuwa mabata maji walikuwa wakizimeza na kufa.

Kwa mnasaba huo, mvuvi azingatie haya. Asiyeyushe betri nyumbani. Asiume chubwi kwa meno ili kuibana katika mshipi, bali atumie koleo. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na chakula chake kikae mbali na mifuko ya chubwi. Mifuko hiyo isiingizwe chumbani wanapolala watoto, wala chubwi isigeuzwe mchezo wao. Na pale inapowezekana, atumie chuma: nati kubwa, vipande vya nondo na bolti chakavu hufanya kazi hiyo hiyo. Tumekwisha kuona kwamba tofauti ya uzito ndani ya maji ni gramu 40 tu katika kila kilo. Kutu ni adha, lakini kutu haiharibu akili ya mtoto.

5. Wavuvi wa maziwani na mnunuzi wa Mwanjelwa

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya watu wa pwani. Tuchukue basi soko la Mwanjelwa, mjini Mbeya, katika Nyanda za Juu Kusini, ambako bahari haionekani kabisa. Samaki na dagaa wanaouzwa huko hutoka Ziwa Nyasa na Ziwa Rukwa. Usipa wa Kyela huvuliwa usiku kwa taa, hukaushwa, hutiwa maguniani na kupandishwa milimani kwa gari, safari ya zaidi ya kilometa 100 hadi Mbeya.

Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na upande wa Matema limepakana na milima ya Livingstone. Mvuvi wa huko anayetumia mtumbwi wa gogo moja hana mirengu miwili kama ya ngalawa yetu ya kuuzuia usipinduke. Chini yake ni mviringo, na kila kitu kilichomo hubingirika. Kwa hivyo kanuni ya chini, katikati na kufunga humhusu yeye zaidi kuliko sisi.

Liko na jambo la gunia. Gunia lililobebea risasi za nyavu au betri chakavu halifai kabisa kutiwa dagaa, hata likikung'utwa, kwa kuwa vumbi la risasi hubaki katika nyuzi zake. Dagaa huliwa wazima, nao ndio kitoweo cha watoto wa watu wenye kipato kidogo. Mama anayenunua kisado chake Mwanjelwa hana njia ya kujua gunia lile lilibeba nini kabla ya kufika kwake. Usalama wake umo mikononi mwa mtu wa pwani ya ziwa asiyemjua, kama ulivyo usalama wa mnunuzi wa Darajani mikononi mwa mvuvi wa Nungwi au Mkoani.

6. Hitimisho

Wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Chubwi ni katika nyenzo hizo, na nyenzo isiyo na mahali pake humgeukia mwenyewe. Kazi iliyoelezwa hapa haihitaji mkopo wala mfadhili: ni mifuko mitatu, vipande vya kamba na robo saa kabla ya kushua chombo. Mabwana Diko wanaombwa kulizungumza somo hili na kamati za wavuvi, na walimu wanaombwa kuifikisha sehemu ya nne kwa wanafunzi, kwani mara nyingi wao ndio wanaotumwa kupepea moto wa risasi.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini chubwi iliyofaa wakati wa maji mafu haifai wakati wa bamvua?
2. Kasha lisilofungwa huelekea upande gani chombo kinapoinama, na matokeo yake ni nini?
3. Taja njia tatu ambazo kwazo risasi ya chubwi inaweza kumfikia mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo.
4. Leo utakaporejea diko, je, utaweza kusema ni chubwi ngapi ulizotoka nazo?